Mtoto wa Miezi Saba

Mke wangu Dorika alianza kwenda Makambako kila Jumamosi mwezi wa tano, na majuma mawili ya kwanza sikumuuliza kitu, maana mimi si mtu wa kuulizauliza. Wanaosema mimi ni mkali na mwenye shaka na kila mtu wananisingizia, nimewazoea. Juma la tatu nikamuuliza. Akasema anakwenda kumwangalia dada yake Esnath, miguu imemvimba. Nikasema pole yake. Alipokwisha kupanda gari pale stendi ya Njombe, nikampigia simu Esnath. Alipokea akihema, akaniambia yuko shambani anachimba viazi tangu alfajiri na gunia la saba linakaribia kujaa.

Miguu iliyovimba haichimbi magunia saba.

Sikumwambia Dorika kwamba nimejua. Nilianza kumchunguza kimyakimya. Alikuwa akirudi nyumbani kwetu Yakobi jua linazama, macho mekundu kama ya mtu aliyelia, lakini anaimba. Mwanamke anayelia na kuimba siku moja ana jambo. Pombe hakunuka. Mafuta ya upako hakunuka pia, maana nilifikiria hata hayo. Makambako siku hizi kila kona ina nabii na kipaza sauti chake. Niliukagua mkoba wake, ndiyo, niliukagua na sioni haya kusema. Nilikuta miwani, kitambaa, na nusu ya andazi.

Halafu Ijumaa moja nikamsikia jikoni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani, yeye yuko kwenye mafiga anasonga ugali, mimi nje ya mlango nimetega sikio. Alikuwa anajisemea polepole kama mtoto anayekariri masomo ya Kipaimara.

"Tulisema miezi saba," alisema. Akaanza tena. "Ndugu zangu, tulisema miezi saba. Lakini alikuwa wa miezi tisa kamili."

Nilikula ule ugali bila kujua mboga ilikuwa nini.

Ngoja nieleze. Mtoto wetu wa kwanza, Eveline, alizaliwa miezi saba baada ya harusi. Kwa sisi Walutheri wa huku, hilo ni jambo la usharika mzima. Mkifunga ndoa mimba ikiwa tayari ipo, mnatengwa. Hamuigusi Meza ya Bwana mpaka siku mtakaposimama mbele ya watu, mkaseme kosa lenu kwa midomo yenu, na mzee wa kanisa wa zamu awaulize mbele ya wote kama mnajutia. Huko ndiko kurudi kundini. Mimi na Dorika hatukusimama. Tulisema mtoto hakutimiza miezi. Muuguzi alikuwa amempima kilo tatu na nusu, akatuangalia, akacheka peke yake. Tukamviringisha Eveline mablanketi matatu, tukamficha ndani miezi miwili asije mtu akayaona yale mashavu. Usharika ukatuombea. Kina mama wakatuletea mkaa ili njiti wetu apate joto. Njiti mwenyewe alikuwa ananyonya mpaka mama yake anakonda.

Imepita miaka thelathini. Siri ile tuliijua wawili tu, na juu yake nilikuwa nimejenga jina langu lote. Miaka kumi na tisa nilikuwa mzee wa kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza lile swali, na kwa sauti. Waliosimama mbele yangu wakitetemeka ni wengi. Na Jumapili iliyokuwa inakuja nilikuwa niingizwe kazini kuwa mwenyekiti wa wazee. Mtu pekee aliyekitaka kile kiti kuliko mimi alikuwa jirani yangu Hilary, ambaye kila tukikutana hunichekea meno yote nje. Mtu hachekei mwenzake namna ile bure. Basi nikaunganisha mambo: Hilary ana shemeji Makambako, Dorika anakwenda Makambako, na Dorika anakariri maneno. Walikuwa wanamwandaa. Siku ya kuingizwa kwangu kazini angesimama akamwaga mtama, na mimi ningebaki uchi mbele ya watu niliowatenga mwenyewe.

Kuhusu Eveline mwenyewe, nilikuwa nimejizoeza kutomfikiria. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata mimba akiwa kwangu, bila mume. Mzee wa kanisa hapaswi kumpendelea mwanawe. Nililipeleka jina lake kwenye baraza la wazee kwa mkono wangu. Akatengwa. Siku aliyopangiwa kurudi kundini akafika hadi mlangoni mwa kanisa, kisha akageuka akaondoka, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilisema amekataa kutubu. Nikawaambia watu waniite Baba Kefa, kwa jina la mdogo wake. Dorika peke yake aliendelea kuniita Baba Eveline, na kila aliponiita hivyo nilijifanya kiziwi mpaka chai ikapoa.

Jumamosi ile sikufungua karakana yangu ya useremala pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Nilivaa koti kubwa, nikashusha kofia hadi kwenye nyusi, nikapanda gari lililofuata baada ya lake. Makambako upepo ulikuwa unasukuma vumbi kutoka barabara kuu. Nilimwona Dorika mbele yangu anapita sokoni, hageuki nyuma hata mara moja, na hilo likanitia shaka zaidi, kwa sababu mtu asiye na hatia hugeuka. Akaingia kwenye duka moja la vitenge, akapitiliza hadi uani. Nikahesabu hadi mia, nikaingia.

Uani kulikuwa na banda la bati na watu kama thelathini kwenye mabenchi. Mabenchi yenyewe yalikuwa yamepigiliwa ovyo, fundi wake alipaswa kutengwa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na marobota ya vitenge, nikaanza kutafuta kikapu cha sadaka. Hakikuwapo. Nikatafuta fomu za mkopo, nikatafuta picha ya nabii, nikamtafuta shemeji wa Hilary. Hakukuwa na chochote, na mahali pasipochukua kitu chako nimejifunza kupaogopa mara mbili.

Akasimama mwanamke mnene wa makamo, mwenye duka. "Kamwene," akatusalimu kwa Kibena, ingawa yeye mwenyewe, alisema, ni Mkinga wa Makete na jina lake ni Idda. Hapo ndipo nilipojua kuna mtego. Mkinga gani, biashara ilivyo kwenye damu yao, anaacha duka Jumamosi mchana?

"Kwa wageni," akasema, bila kuniangalia, "mwaka juzi kuna mpangaji alifia chumbani, nyumba ya tatu kutoka hapa. Tulikuwa tumenunua nyanya kwake miaka minne. Tulikaa na mwili siku tatu, hakuna aliyejua kwao ni wapi. Hakuna aliyejua hata mama yake anaitwa nani. Tuliona aibu kubwa. Makambako sote tumetoka mahali, sote tunapita, hakuna anayemjua mwenzake. Ndiyo maana tunakaa hapa. Mtu anasimama, anasema jambo moja lililompata yeye mwenyewe, kwa sauti, sote tusikie. Hatumuulizi maswali, hatumshauri, hatumhubirii. Akimaliza tunamwambia tumekusikia. Basi."

Maneno yalikuwa laini mno. Nikajua napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wa kwanza alikuwa mbeba mizigo wa sokoni anayeitwa Alfonsi, mwenyeji wa karibu na Liganga. Alisema kwao mawe ya mafiga ni meusi na mazito kuliko mawe ya watu wengine, kwa sababu ya chuma kilichomo. Alipoondoka nyumbani kuja kutafuta kazi, aliogopa kusahau jiko la mama yake, akatia figa moja kwenye begi. Njiani kondakta akaliinua begi, akashindwa, akapiga kelele kwamba kuna mwizi wa vyuma. Abiria wote wakashushwa. Begi likafunguliwa, likatoka jiwe lenye masizi. "Nililia," Alfonsi akasema, "mtu mzima na ndevu zangu. Nikawaambia ni la mama." Watu wakacheka na yeye akacheka. Kisha wakasema kwa pamoja, "Tumekusikia." Na mimi midomo ilikuwa imeanza kunicheza, nikakumbuka niko kwenye ulinzi.

"Leo tuna mama na mwana," akasema Idda. "Aanze mwana."

Kwenye benchi la mbele, kando ya Dorika, akainuka mwanamke mwenye sweta la kijani. Alipogeuka nikaona paji la uso la marehemu mama yangu. Alikuwa Eveline.

Ningeweza kutoka. Nilibaki pale pale kwenye marobota.

"Wengi mmeshawahi kushonewa na mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito. "Naitwa Eveline, nilizaliwa Yakobi kule Njombe. Nilizaliwa njiti, wa miezi saba. Nyumbani waliniambia niliokolewa na mkaa wa watu wa kanisa, kila mama alileta wake. Kwa hiyo tangu mdogo nilikuwa nikimwona mama yeyote wa kanisani najiambia, huyu amenipa uhai. Nilipopata mimba na kutengwa, sikukasirika. Niliona ni haki nisimame niwaombe radhi watu walionipa mkaa. Sasa, kwetu anayerudi kundini huingia na mtu wa nyumbani kwake, anamshika mkono. Mama alikuwa amekatazwa na Baba. Mimi nikasimama mlangoni nikimngoja Baba. Alikuwa amekaa benchi la wazee. Waliimba wimbo wa kwanza, wakaimba wa pili. Alikuwa ananiona. Alikuwa amekunja mikono. Watu husema nilikataa kutubu. Sikukataa. Nilikosa mtu wa kuingia naye."

Banda zima likanyamaza.

Kilichotokea hapo nakisema kama kilivyo, na nikikumbuka uso unawaka. Kanisani, mtu aliyesimama mbele akimaliza kusema, huwa kunatulia namna ileile, na katika utulivu ule mimi huinuka. Nimeinuka miaka kumi na tisa. Mwili wangu ukainuka peke yake, nikavua kofia, na sauti ya benchi la wazee ikatoka:

"Je, wewe Eveline, unajutia haya yote mbele za Mungu na mbele ya watu hawa?"

Vichwa vyote viligeuka. Eveline aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Mtu fulani akasema, "Huyu mzee ni nani?"

"Mzee," akasema Idda, bila kupandisha sauti, "hapa hatuulizi. Aliyeuliza aje asimame yeye."

Niliuangalia mlango. Dorika naye alikuwa amegeuka, na jambo moja nililiona wazi: hakushangaa. Mpaka leo nina wasiwasi kwamba Ijumaa ile jikoni aliongeza sauti makusudi. Nimemuuliza mara nyingi, anacheka tu.

"Baba Eveline," akasema, "njoo useme wewe. Usiposema wewe, nasema mimi."

Nilipita katikati ya mabenchi yale mabovu. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa mwanangu na nikashindwa kumwangalia, nikaangalia vitenge. Niliwaza kusema uongo mdogo, nao ulikuja haraka, tayari umevaa nguo. Lakini nilikuwa nimesikia lile neno la mkaa. Nilikuwa sijui kwamba mtoto alikuwa amelibeba namna ile.

"Hukuzaliwa njiti," nikasema. "Ulizaliwa umetimia. Kilo tatu na nusu. Mimi na mama yako tulikuwa tumetangulia harusi, tukaogopa kutengwa, tukakufunika mablanketi. Mkaa wa watu tuliupokea kwa uongo. Hukuwa na sababu ya kumwona yeyote amekupa uhai. Na siku ile mlangoni nilikuona. Nilijua nikija kukushika mkono, nitakuwa nimesimama mbele ya watu na mimi, na nilihofu ningefungua mdomo niyaseme yangu. Ndiyo maana nilikunja mikono. Ilikuwa inatetemeka."

Watu wakasema, "Tumekusikia," wengine kwa shida. Eveline hakusema pamoja nao.

"Kwa hiyo," akasema, taratibu, kama anayepima kitambaa, "nilitengwa kwa kosa ambalo na wewe ulilifanya. Na aliyelipeleka jina langu ni wewe."

"Ndiyo."

"Na leo umelisema Makambako." Akavuta sweta lake. "Hapa hakuna anayekujua, Mzee. Mimi mlitaka nisimame mbele ya wanaonijua."

Akatoka nje. Mzee, aliniita, kama anavyomwita yeyote anayekuja kushonewa suruali.

Usiku sikulala, na asubuhi nilivaa suti niliyoshonesha kwa ajili ya siku ya uenyekiti. Kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwa amekuja, na mzee wa zamu alikuwa Hilary. Jina langu lilipoitwa nilitoka kwenye benchi, Dorika akatoka upande wa kina mama, tukakutana mbele. Tulikuwa hatujapanga. Nikashika mkono wake, na hapo watu wakaelewa kwamba hii si kuingizwa kazini.

Nilianza kusema na nikawaona wanavyoniangalia. Waliniangalia kwa jicho nililozoea kuwaangalia wao. Huyu anatafuta nini? Amelipwa na nani? Nyuma ya maneno haya kuna nini? Nikaendelea hadi kwenye mkaa. Mama mzee Zipora, ambaye miaka thelathini iliyopita alileta gunia zima kichwani kutoka mtoni na mvua inanyesha, akaweka kiganja mdomoni na kukiacha palepale.

Hilary akasimama kuuliza. Nilisubiri kuona furaha yake. Macho yake yalikuwa na maji. Nikajua, kwa kuchelewa, kwamba mtu yule alikuwa ananichekea kwa sababu ananipenda.

"Je, wewe Nathanieli," akasema, "unajutia haya yote mbele za Mungu na mbele ya watu hawa?"

Jibu nalijua. Ni neno moja. Ukilisema unarudi, unashikwa mkono, na mwaka ujao watu wamesahau na kiti bado kipo. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Uongo naujutia," nikasema. "Mkaa wenu naujutia. Kumwacha mtoto mlangoni nakujutia mpaka nakosa usingizi. Lakini ile mimba, hapana. Ile mimba ni Eveline. Nikisema naijutia, nitakuwa nimempeleka tena kwenye baraza."

"Ndugu Nathanieli," Hilary akanong'ona, "sema tu ndiyo."

"Sisemi."

Akamgeukia Dorika. Dorika akasema, "Na mimi hivyohivyo," kwa sauti iliyofika nyuma, na nikatambua alikuwa ameifanyia mazoezi.

Mchungaji alifungua kitabu, akafunga, akafungua. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba kwa jibu hilo hawezi kuturudisha leo, na kwamba atakuja nyumbani tuzungumze. Tukatembea kutoka mbele hadi nje. Ni hatua arobaini hivi. Hakuna aliyeimba.

Nje kulikuwa na baridi yenye jua. Eveline alikuwa amesimama kwenye ukuta, mikono ndani ya sweta la kijani. Alikuwa amekuja na gari la kwanza kutoka Makambako, na hakuingia. Kipaza sauti kilikuwa kimemfikishia kila neno, lakini akauliza.

"Wamekupokea?"

"Wamenitenga."

Aliniangalia muda mrefu, kama anayetafuta kasoro kwenye mshono. Nilijua anachotafuta. Alikuwa anatafuta njama, na sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa najitafutia. Kisha akasogea kidogo kando ya ukuta, pale jua lilipokuwa linapiga, akaacha nafasi ya watu wawili.

"Karibuni nje," akasema. "Karibu, Baba."